Folda ya Mama

Mwanaidi yu hai, na duka lake la kompyuta liko Mishomoroni hadi leo. Ukidhani nakutungia, nenda ukamuulize, ila usitarajie akujibu upesi.

Nimetangatanga sana, Lamu, Tanga, Malindi, na kila nilikolala nilikuwa na flashi moja mfukoni. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama, niliyoirekodi nilipokuwa naondoka kwetu Magogoni: "Nenda salama, mwanangu, na urudi." Sikuwa na kingine chake. Flashi ilipoanza kusumbua, nikampelekea Mwanaidi anihamishie sauti ile kabla haijapotea. Ilikuwa alasiri, jua kali, watu wanapita nje.

Akaichomeka. Folda ya Mama ikatokea kwenye skrini.

"Alhamdulillahi, imeshaingia," nikasema.

Akacheka. "Bado, kaka. Kompyuta yakuonyesha tu, kama dirisha. Vitu vyenyewe vimo kwenye flashi. Nikiichomoa, na folda yaenda zake. Kama wewe, haitulii."

Akaichomoa aifute vumbi. Folda haikuondoka.

"Imechelewa kujua," akasema. Akafunga dirisha, akalifungua tena. Folda ipo, na flashi iko kiganjani mwake. Sasa niambie, mashine ilikuwa ikisoma wapi?

"Usiiguse," akaninong'oneza.

Niliogopa, wallahi. Lakini ungekuwa wewe, na huyo ni mamako? Nikaifungua, nikabofya faili la sauti yake.

Sauti ilikuwa yake. Maneno hayakuwa yale. Aliniita kwa jina langu la utotoni, mara moja, kisha akanyamaza kama anayesubiri.

Mama mwenyewe ndiye aliyetufunza: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu, maana kisicho mtu hakiiti mara tatu. Nililijua hilo. Mdomo ukanitangulia.

"Labeka, mama."

Folda ikatoweka.

Mwanaidi akaichomeka flashi tena. Faili lilikuwemo, jina lilelile. Tukalisikiliza. Mama hakuwemo. Ilikuwa sauti yangu mimi: "Labeka, mama." Halafu kandambili, kwa mbali, za mtu anayekuja taratibu.

Nilihamia Likoni, nikatoka. Sasa niko Changamwe. Kila kompyuta ninayokaa mbele yake, bila flashi yoyote, folda ile ipo. Nimeifungua mara moja tu. Kandambili zilikuwa zimesogea karibu.

Kwa hiyo nawe, ukiitwa na sauti unayoipenda, tazama kwanza aliko mwitaji. Mimi niliitika, na bado anakuja.