Goli Nililomwandikia Mwengine

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa gunia la chokaa na kigari cha kumwagia, nikaambiwa nichore mistari ya uwanja wa chuo, kule Ansab, Muscat, kabla jua halijawa kali. Nasema hili mapema ili anaesoma asije akadhani anazungumza na mtu wa shahada. Skuli nimesoma darasa nne tu, Unguja, na Qur'ani nimehitimu kwa maalim. Vyeti sina. Nna mistari iliyonyooka.

Mudir wa Michezo, yaani mkuu wetu, wakati ule alikuwa Msudani mrefu, kilemba chake hakina kunyanzi hata moja. Alikuja akasimama juu ya mstari wangu wa kati.

"Umepima kwa nini?"

"Kwa kamba na macho."

"Macho gani?"

"Haya mawili, ya sidi, bwana wangu. Mengine sina."

Akacheka, akaondoka. Lakini aliniweka akilini. Wiki chache baadae ulitokea ubishi juu ya mechi iliyokwisha jana yake, nani alipiga kona ile, nani alitoa pasi. Mie nilikuwa napita na ndoo nikawatajia wachezaji wote, mmoja mmoja, kwa namba za jezi zao. Mudir akaniita ofisini, akanitupia mezani daftari la jalada la kijani, kubwa kama sinia.

"Unajua kuandika?"

"Majina na namba najua."

"Basi. Hiyo ndiyo kazi. Insha wataandika wengine."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtunza rekodi. Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga, na vijana wa leo wenye simu mkononi hawawezi kujua kazi ile ilikuwaje. Vyuo vya Muscat na pembezoni mwake vilikuwa kanda moja. Kila mwaka vilicheza vyenyewe kwa vyenyewe, na viwili vya juu vikakutana kwenye fainali ya kanda. Mechi za kawaida ziliandikwa kwenye makaratasi yakaishia kabatini. Fainali peke yake ndiyo iliyoingia kwenye daftari la kijani.

Tena nisikilizwe vizuri: daftari lile halikuwa la timu. Timu ina kombe lake, ilitie kwenye kabati la vioo iangalie vumbi. Daftari lilikuwa la mtu mmoja mmoja. Kila mchezaji na mstari wake, na kila mstari na vyumba vyake. Chumba cha magoli. Chumba cha pasi ya goli, yaani pasi ile ya mwisho kabla mpira haujaingia. Chumba cha mikwaju iliyolenga goli. Golikipa alikuwa na chumba cha kuokoa, na hapo nilikuwa mkali: mpira uliokwenda nje wenyewe sihesabu, hata kipa ajirushe mpaka avunjike mbavu. Nyuma ya daftari kulikuwa na kurasa za rekodi zenyewe. Aliyefunga mengi katika fainali moja. Aliyefunga mengi katika fainali zote za maisha yake ya chuo. Aliyeokoa mengi. Aliyewahi kufunga mapema kuliko wote.

Mudir alinipa sharti moja. "Penseli ni ya wanafunzi. Wewe andika kwa wino, na ukishaandika usiguse." Nikalishika kama nilivyoshika namba za aya. Miaka na miaka, daftari lile halina hata mchubuko mmoja. Walikuja makocha kunibembeleza, akaja baba wa mchezaji na halwa, akaja mhadhiri mzima wa chuo kunisomesha nini maana ya pasi. Wote niliwaonesha mlango. Nilijisifu, na bado najisifu, isipokuwa kwa mstari mmoja.

Sasa nije kwenye mstari wenyewe.

Mudir yule alipenda jezi ziwe na tarakimu za Kiarabu, hizi za kwenye msahafu. Saba ya Kiarabu ni mistari miwili iliyokutana chini, mdomo uko wazi juu. Nane ni hiyo hiyo, imekutana juu, kama paa la nyumba. Mtoto wa siku ya kwanza kwa maalim anazijua. Mie nilizijua kuliko jina langu.

Jezi ya saba ilikuwa ya Khalfan, kijana wa Quriyat. Mwembamba, maneno machache, kazi yake kuwapikia wengine. Pasi za goli za fainali alikuwa nazo nyingi kuliko yeyote katika daftari, lakini goli lake mwenyewe katika fainali hakuwa nalo hata moja, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Jezi ya nane ilikuwa ya Yusuf, urefu ule ule, nywele zile zile, mdomo wake ndio ulikuwa mkubwa. Alikuwa akinipita mezani ananiambia, "Ami, wino upo? Leo utakwisha." Watu wetu hapa huniita Ami, kama mdogo wa baba yao, na mie nimeridhika nalo.

Alasiri ya fainali ile Yusuf alifunga mawili, na nikaandika mawili. Wapinzani wetu wakarudisha mawili. Zilibaki dakika za mwisho. Kona ikapigwa kutoka upande wa mbali, jua liko mbele ya macho yangu, mbele ya goli watu wamejazana kama kwenye harusi. Mara nikamuona mmoja amejipindua, kichwa chini miguu juu, amepiga tikitaka. Mpira ndani. Na ule mgongo, katika ile nukta moja alipokuwa hewani, niliusoma: nane.

Timu nzima ikamlalia mfungaji. Walipoinuka, aliyebebwa mabegani alikuwa Yusuf, kwa sababu Yusuf hubebwa tu, hata akipiga chafya. Nikaandika. Matatu katika fainali moja, mtu wa kwanza kufanya hivyo katika daftari langu. Nikampelekea mtangazaji kikaratasi, na kipaza sauti kikalisema jina la Yusuf mpaka milima ya Ansab ikalirudisha.

Watu hawajaondoka bado, akaja Khalfan mezani, amelowa jasho, majani yameganda mgongoni.

"Ami, lile la tatu langu."

"Langu mie ni kuandika, na nimeshaandika."

"Baba yangu yuko pale, Ami. Kaja kutoka Quriyat. Macho yake hayaoni mbali, anasikiliza kipaza sauti tu. Sema watangaze tena."

"Nimeona nane."

"Mie saba."

"Basi mwambie nane aje anambie."

Akageuka, akaenda zake. Hayo ndiyo maneno yangu, na siyasafishi.

Miaka ikapita. Mudir Msudani akarudi kwao, akaja Mudir mpya, kijana wa Kiomani aliyesoma nje, mwenye kompyuta mpya mezani. Alinitaka nimsomee daftari lote naye aingize. Kazi ya wiki kadhaa, mie nasoma, yeye anabonyeza. Tulipofika kwenye ukurasa wa rekodi akasema, "Ami, huyu Yusuf wa mabao matatu bado hajapatikana wa kumfikia." Nikasema, "Hatopatikana." Nilisema kwa kiburi, kama niliyefunga mie.

Haukupita muda, siku moja ya mazoezi, mchezaji wetu wa jezi ya nane akaipasua. Nikaenda nyuma ya stoo ambako mfuaji alikuwa akianika. Jezi zote zilikuwa kwenye kamba, zimebanwa kwa pindo la chini, mikono inaning'inia. Nikaiona nane, nikaichomoa, nikampelekea. Kijana akaivaa, wenzake wakaangua kicheko.

"Ami, hii saba! Leo nicheze namba ya mwengine?"

"Nimechukua nane, bwana. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ilikuwa imeanikwa kichwa chini, Ami!"

Wakaendelea kucheka. Mie nilirudi nyuma ya stoo, nikasimama mbele ya kamba ile. Saba zote nane. Nane zote saba. Na Khalfan, alipopiga tikitaka ile, alikuwa kichwa chini.

Sikukosea kwa kutokujua kusoma, hili nalisema kila mara. Nilikosea kwa kujua sana. Asiyejua tarakimu zile angeuliza.

Nilimtafuta kwanza Yusuf. Alikuwa mtu mkubwa serikalini tayari, simu yake inapitia kwa watu wawili. Nikamueleza.

"Ami, nilimwambia siku ile ile twende kwako pamoja. Akasema keshakwenda, umemfukuza."

"Na wewe kwa nini hukuja peke yako?"

"Nilikuwa juu ya mabega, Ami. Ukishakuwa juu, kushuka tabu." Kisha akasema, "Futa. Yabaki mawili. Mie mawili yananitosha, wallahi."

Nikaenda kwa Mudir. Akavua miwani.

"Ami, orodha imeshakwenda vyuo vyote. Kubadilisha kunataka kamati."

"Basi kaa na kamati."

"Nani anakumbuka goli la miaka yote hiyo?"

"Aliyefunga," nikamwambia. Akavaa miwani yake, akasema ataandika barua.

Sikungoja barua. Nilichukua kalamu ya wino mwekundu, na kwa mkono huu ambao haujawahi kugusa, nikapiga mstari juu ya goli la tatu la Yusuf, nikaandika moja kwenye chumba cha Khalfan kilichokuwa kitupu. Mstari ulipinda. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho wa kazi yangu. Asubuhi moja ya mapumziko ya wiki nikalitia daftari garini, nikatoka nyumbani Amerat nikashika njia ya milimani mpaka Quriyat.

Nyumba nilioneshwa. Khalfan alikuwa skuli, ndiye mwalimu wa michezo pale, kaitwa siku ya mapumziko kwa mazoezi, atarudi adhuhuri. Nikamkuta baba yake barazani, macho sasa hayaoni kabisa. Nilipotoa salamu akanijibu kwa Kiswahili, nae alikulia Unguja.

"Wewe wa Unguja wapi?"

"Malindi."

"Ah. Na umeleta nini? Nasikia kitu kizito umekiweka."

Nikamwambia mie nani na nimeleta nini. Nilimwambia yote, mpaka kamba ya kuanikia. Kahawa ikaja ikapoa.

"Yaani siku ile," akasema, "mwanangu alinijia mbio akanambia, baba, nimefunga. Nikamwambia, muongo, mie nimesikia jina la mwengine. Kipaza sauti kina haja gani ya kunidanganya? Toka siku ile hajanihadithia tena mpira. Hata mmoja."

"Kipaza sauti kilisoma karatasi yangu."

"Miaka yote hii nimemwita mwanangu muongo kwa karatasi yako."

"Kwa karatasi yangu."

Hakuniambia, "Si kitu." Nilimheshimu kwa hilo. Angenisamehe haraka ningeona hakusikia.

Nikafungua daftari nimsomee. Akanyoosha mkono akalifunga. "Mie usinisomee. Nilishasomewa."

Tukakaa. Adhuhuri mlango ukalia, akaingia Khalfan, tumbo limeanza kutoka, firimbi shingoni. Akaniona, akaliona daftari la kijani, akasimama pale pale.

"Ami?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Amerat. Baba yake akaniwahi.

"Khalfan."

"Naam, baba."

"Lile goli lako la fainali."

Kijana yule, sasa mtu mzima, akanitazama mie, akamtazama baba yake.

"Ndiyo, baba."

"Lilikuwaje? Kaa hapa, nihadithie."

Akakaa chini, miguuni mwa baba yake, na firimbi yake. Akaanza na kona: nani aliipiga, upepo ulikuwa wapi, vipi alidhani mpira utampita. Baba yake ameinamisha kichwa, anasikiliza kama pale uwanjani. "Polepole," akamwambia. "Ulikuwa umesimama wapi kabla hujaruka?" Mie nilijiinua na daftari langu nikatoka taratibu. Mambo aliyokuwa akiyauliza mzee yule hayakuwa na chumba daftarini mwangu.

Sasa nimestaafu, nakaa Amerat kwa mwanangu. Daftari nimelirudisha chuoni, liko kwenye sanduku stoo, na kwenye kompyuta nasikia Yusuf bado ana matatu. Barua ya kamati haijajibiwa. Nimewaomba, nitawaomba tena. Karibu na nyumba yetu pana uwanja wa skuli, na alasiri kukiwa na mechi sauti ya kipaza inavuka mpaka barazani. Jina linatajwa, watoto wanapiga kelele, na mkono wangu wa kulia unatafuta kalamu kwenye mfuko wa kanzu, ambayo siku hizi haimo. Hapo huvaa viatu, nikashika njia ya uwanjani, nikakaa karibu na goli, upande ambao jua liko nyuma yangu. Akifunga mtu, namngoja mpaka ainuke. Kisha namwita: "Mwanangu, njoo. Wewe namba ngapi?"