Kamera Isiyotaka Kichwa

Mpiga picha mmoja wa Nakuru alikuwa na vidole vilivyosawijika kwa dawa za kusafishia picha, na kila asubuhi aliipapasa kamera yake ya sanduku, ile ya kuingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, kama anayembembeleza punda. Sanduku, miguu yake mitatu na vioo vilijaza baiskeli nzima, na milima ya Subukia ilikuwa imemmaliza magoti. Wiki hiyo aliazima dukani kamera mpya ya kutosha kiganjani, aamue kufikia Jumamosi kama atalitoa sanduku lake wabadilishane. Alifika Kabazi akipiga mluzi. Kumbe njiani kulikuwa na maua, na mzigo ulikuwa umemnyima kuyaona!

Wateja wake wa kwanza huko, Nyakio na mumewe, walisimama na nguo za kanisa, wamekakamaa kama washtakiwa. Kamera ikalia ka!

“Tayari, mama.”

“Tayari nini? Haujaingiza kichwa kwa kitambaa!”

“Hii haitaki kichwa.”

“Basi imepigwa na nani, na wewe ulikuwa nje?”

Mume akaanza kufungua tai. Mpiga picha akaitazama kamera, akaitazama milima, akavua koti, akajifunika gubigubi na kuhesabu kwa sauti hadi kumi. Alipochungulia, majirani walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akitaka picha ile ya koti. Jumamosi aliliacha sanduku dukani, akaenda kumwomba mkewe amtafutie koti zito zaidi.