Mwalimu Aliyekatazwa Kiswahili

Inatia kinyaa. Cibalonza aliacha chuo kikuu kwao Uvira, Kongo, akiwa mwaka wa pili, akavuka mpaka, akapata kazi ya kufundisha Kiingereza hapa Rumonge, Burundi. Mkurugenzi wa shule, Olivier, akawatangazia wazazi kwamba mwalimu huyo ametoka Kampala, kisha akamkataza kusema Kiswahili, hata sokoni, lafudhi isije ikamtaja kuwa Mkongomani. Sasa mtoto wa watu ananunua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa kuonyesha kidole, kama bubu.

Juzi mzazi mmoja alimsifu kwa Kiswahili mbele yake: “Huyu ndiye mwalimu! Siyo wale Wakongomani na diploma zao za kununua.”

Cibalonza akatabasamu kama asiyeelewa kitu.

Mzazi alipoondoka, Olivier alicheka mpaka machozi yakamtoka. Na Olivier mwenyewe kazaliwa Uvira, nyumba ya pili kutoka kwa kina Cibalonza.