Mikebe Kwenye Upepo

Mimi hunywa strungi, chai isiyotiwa maziwa. Wakwe zangu walidhani ni ubahili, mke wangu anadhani ni tumbo, nami nimewaacha wadhani. Ukweli ni kwamba harufu ya maziwa yanayochemka hunitia kichefuchefu tangu miaka ya hamsini, nilipofanya kazi kwenye shamba la Mzungu mmoja karibu na Njoro.

Nilikuwa nimetoka shule ya kati, najiona msomi. Aliyenipokea zizini alikuwa mzee mmoja, mkubwa wa wakamuaji, mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Aliishi palepale shambani na mkewe na mbuzi wake, na kibanda kile kilikuwa chake maadamu kazi ilikuwa yake. Alinifundisha kukamua bila kunicheka.

Maziwa ya jioni tuliyatia kwenye mikebe mikubwa ya chuma, tukaizamisha hadi shingoni kwenye birika la saruji lililojaa maji. Asubuhi lori liliikuta imepoa. Kisha Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, akaleta mbwa wawili wa kuwinda, nao wakaligeuza birika kuwa bafu lao. Maji yakaota utelezi wa kijani, nywele zikaelea juu, uvundo ukakukuta mlangoni. Pampu ililijaza mara moja tu kwa wiki. Mzee aliyatazama maji yale, akatema mate.

"Kijana, kwetu maziwa hayakai na uchafu," aliniambia. "Hata mtu mwenyewe akiwa mchafu hashiki kibuyu. Toa hiyo mikebe."

Tukaipanga juu ya mbao, mahali upepo wa kutoka milima ya Mau unapopita ukiuma masikio. Mzee aliuamini. Upepo unaomtetemesha mtu mzima ungeshindwaje na maziwa?

Mimi nilijua ungeshindwa. Shuleni mwalimu aliwahi kutuwekea kipande cha chuma na maji ya uzito uleule, kila kimoja kwenye moto wake, kwa muda uleule. Chuma kilituunguza vidole, maji yakawa vuguvugu tu. Maji, alisema, humeza joto jingi kabla yenyewe hayajapata moto. Hewa humeza kidogo mno, tena polepole. Niliyaandika hayo daftarini kwa mwandiko mzuri na mwalimu akanisifu mbele ya darasa.

Siku ya tatu mikebe ilirudishwa kutoka kiwanda cha maziwa na kadi nyekundu ya kukataliwa shingoni. Nilifungua mmoja. Haya hayakuwa yale maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa, yaliyolazwa yakaganda vizuri, ambayo mzee angemkaribisha nayo mgeni. Yalikuwa mabonge ndani ya maji ya manjano, yananuka kama matapishi ya mtoto mchanga. Nami nikatapika juu ya viatu vyangu.

"Kama maziwa narudi tena," Bwana akamwambia mzee, "wewe nakwenda na mbuzi yako yote."

Mzee akaisugua mikebe kwa majivu hadi vidole vikachubuka, kisha akairudisha palepale upeponi. Nilimtazama nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kijana hamfundishi mzee mambo ya maziwa. Heshima gani! Nilikuwa nimeshaona kwamba akiondoka, kazi yake itampata aliyesoma. Yale mabonge yalinitapisha mara moja tu, lakini nikijikumbuka nimesimama pale kimya, najionea kinyaa mpaka leo.

Mikebe ilirudi. Mzee akaambiwa saa sita isimkute shambani. Bwana akanigeukia.

"Wewe nasoma skuli. Naweza kazi hii?"

"Naweza, Bwana."

Hapohapo nikachukua mikebe ya maziwa ya asubuhi, yangali na joto la ng'ombe, nikaizamisha birikani huku nikizisukuma nywele za mbwa kwa mkono. Mzee akapita akiswaga mbuzi, mkewe nyuma yake na sufuria kichwani. Akasimama. Akatia mkono kwenye maji yale aliyokuwa akiyatemea mate, akaushika ubavu wa mkebe, akangoja. Chuma kikaanza kupoa kiganjani mwake.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nikamnyooshea mkono wa kwaheri. Aliuangalia, akaukung'uta wake maji, akawafuata mbuzi wake.