Karani anayekagua mipaka kwa vipande vya kitenge

Jumatano, saa mbili asubuhi, upepo wa Juni unakata masikio. Winifrida Kazumba, miaka 54, amevaa sweta mbili na amejifunga khanga juu yake. Anaweka mawe manne kwenye pembe za meza iliyotolewa nje ya ofisi ya kijiji, kisha anafungua kifurushi na kutandaza vipande vya kitenge: cha njano, cha bluu na chekundu. Hakuna futi wala kamba ya kupimia hapo mezani, na watu kama thelathini wamesimama wanamtazama.

“Mama Jastin, leo unatushonea mashati?” anauliza Leonidas, mkulima wa miaka 71. Watu wanacheka.

“Wewe nitakushonea gunia,” anajibu Winifrida bila kuinua macho. “Sogea mezani.”

Katika kijiji hiki kinachopakana na Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, Winifrida ni karani wa masjala ya ardhi. Siku anazokwenda kukagua mashamba hupata posho ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Siku nyingine zote hula jasho la jembe lake, kwa ulezi na maharage.

Wiki hii kazi imembana. Maofisa wanaoandaa hati za hakimiliki za kimila wako kijijini hadi Ijumaa, kisha wanahamia wilaya nyingine, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mashamba 212 yamekwisha kuandikwa. Yaliyokwama ni machache, na lililokwama kuliko yote ni shamba la maharage la Salome, jirani yake Leonidas.

Wanachogombea ni ukanda wa hatua sita kwa upana, ulioko kibondeni ambako udongo haukauki hata mwezi wa Septemba. Hapo ndipo Salome, miaka 63, hupanda mboga na viazi wakati mashamba mengine yote ya juu yamekuwa vumbi. Leonidas anasema ukanda ni wake. Wasipopatana kabla ya Ijumaa, hakuna kati yao atakayepata hati.

Shauri hilo lina miaka mitano. Baraza limekaa mara saba, na kila mara wazee wamesema maneno yale yale, wakaondoka wamechoka.

Leo Winifrida hataki hotuba. Anamgeukia kwanza Mzee Zenon, mkongwe aliyeshuhudia ardhi hiyo ikigawanywa.

“Shikamoo, mzee. Shamba la maharage la dada Salome na shamba la baba yake, marehemu Mathias, yanakaaje?”

“Marahaba. La Salome limo ndani ya la Mathias. Lilimegwa humo humo, pembeni. Nilikuwepo, mwaka 1999.”

“Kuna anayebisha?” Hakuna. Winifrida anaweka kitambaa chekundu, cha Salome, juu ya cha njano, cha Mathias, kwenye ukingo.

“Na shamba la Mathias na la Leonidas?”

“Yanapakana tu,” wanajibu watu watatu kwa pamoja. “Hakuna lililoingia kwa mwenzake.” Leonidas anaitikia kwa kichwa, na Salome pia. Kitambaa cha bluu, cha Leonidas, kinasogezwa hadi kigusane na cha njano.

“Sasa wewe, Leonidas. Shamba la Salome na la kwako?”

“Limeingia kwangu! Kila mtu anaona. Nusu ya mboga zake ziko kwangu.”

“Haya. Shika vitambaa wewe mwenyewe. Vipange ili maneno yote matatu yawe kweli kwa pamoja.”

Leonidas anakunja mikono ya koti. Anasukuma chekundu kiingie kwenye bluu. “Hapo kimetoka kwenye njano,” wanapiga kelele watu. Anakirudisha, lakini sasa hakijaingia kwenye bluu. Anavuta bluu iingie juu ya njano. “Hapo Mathias na wewe hampakani tena, mmeingiliana!” Dakika kumi zinapita. Salome naye anajaribu, anashindwa, na anakitupa kitambaa mezani.

“Hayapangiki,” anasema.

“Hayapangiki,” anakubali Winifrida. “Kilichomo ndani ya shamba hakiwezi kuingia kwa jirani ambaye shamba lenyewe halijamwingilia. Basi katika maneno matatu yaliyosemwa hapa, moja si kweli. Miaka mitano tumeyabeba yote matatu kama mayai.”

Maarifa hayo Winifrida hakuyapata shuleni, kwa maana aliishia darasa la saba. Miaka kumi iliyopita alifika kijijini mtafiti wa chuo kikuu aitwaye Adolfu, aliyetaka kujua jinsi Wafipa wanavyoeleza mahali kwa maneno. Winifrida ndiye aliyempokea na kumtembeza. Jioni, wakimenya karanga, mgeni alimwambia kwamba wasomi wana elimu ya mantiki inayofikiri kuhusu maeneo bila kutumia namba hata moja.

“Nilimwambia ananidanganya,” anakumbuka Winifrida. “Nikamuuliza, hesabu bila namba ni pombe bila kimea? Akachukua kijiti, akachora chini.”

Adolfu alimweleza kwamba maeneo mawili yoyote duniani, liwe shamba, ziwa au kivuli cha nyumba, yana namna nane tu za kukaa. Yanaweza kuwa mbalimbali kabisa, au kupakana, au kuingiliana kwa sehemu. Moja linaweza kuwa ndani ya jingine huku likigusa ukingo wake, au kuwa katikati bila kuugusa. Hizo mbili zinageuka pia: badala ya kuwamo ndani, linakuwa ndilo lililobeba, likigusana ukingoni au lisigusane. Mwisho, yanaweza kuwa eneo lile lile lenye majina mawili.

“Nilitafuta ya tisa mwezi mzima,” anasema. “Nilitazama sufuria na vifuniko, nikatazama shuka kitandani. Sikuipata.”

Kilichomshika zaidi ni daftari aliloachiwa. Lina jedwali la vyumba sitini na vinne. Ukijua eneo la kwanza linakaaje na la pili, na la pili linakaaje na la tatu, jedwali linakuambia la kwanza na la tatu yanaweza kukaaje. Alilinakili kwa penseli mara tatu, mara ya mwisho bila kuchungulia.

Hata leo huwatega watu nalo kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Shamba langu linapakana na lako, lako linapakana na la Basil. Je, langu na la Basil? Wengi hujibu haraka: yako mbali.

“Na mimi nilijibu hivyo,” anasema huku akicheka. “Kumbe yanaweza kupakana pia, yanaweza kuingiliana, hata yakawa shamba lile lile limeandikwa mara mbili. Namna sita zinawezekana. Mbili tu ndizo hazipo: moja kuwa katikati kabisa ya jingine, au kinyume chake. Kwa hiyo karani akiulizwa hapo aseme sijui, na ajue ni namna ngapi hajui.”

Kwa njia hiyo mwaka jana aligundua shamba lililoandikwa kwa majina ya ndugu wawili, kila mmoja akidhani la mwenzake liko ng’ambo ya mlima.

Lakini vitambaa vina kikomo chake. Vinaweza kuonyesha kwamba neno moja kati ya matatu si kweli, ila havisemi ni lipi. Jumatano hiyo wengi walimtazama Leonidas kwa jicho baya. Winifrida mwenyewe alitamani iwe hivyo, kwa sababu Salome ndiye mama wa ubatizo wa mwanawe Jastin.

“Nilikuwa na upande,” anakiri. “Nilidhani vitambaa vitamsaidia dada yangu.”

Alhamisi asubuhi wote walishuka kibondeni. Shamba la Salome lilikuwa limejaa ntumba, vile vilima vya mviringo ambavyo Wafipa huvijenga kwa kufukia nyasi chini ya udongo, zioze ziwe mbolea. Mwaka unaofuata ntumba hutawanywa, ulezi ukamwagwa juu yake. Baada ya ulezi, ntumba mpya hujengwa.

Winifrida alisimama kwenye mstari wa mwisho na kumuuliza Mzee Zenon mpaka ulikuwa wapi.

“Kwenye ntumba ya mwisho ya Mathias,” alijibu mzee.

“Leonidas, nawe unasemaje?”

“Hivyo hivyo. Ntumba ya mwisho.”

“Ntumba ya mwaka gani?”

Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Winifrida akamgeukia Salome.

“Dada, ukijenga ntumba mpya, unaijenga palepale pa zamani?”

“Nani analima hivyo?” Salome alishangaa. “Palepale udongo umechoka. Unajenga penye mfereji, kati ya mbili za zamani.”

“Na ile ya pembeni? Mfereji wake uko upande gani?”

Salome alianza kujibu, kisha akageuka kuutazama mfereji wa nje. Kwa Wafipa, mkulima anayeacha nyasi pembeni mwa shamba lake huchekwa kuwa mvivu. Salome hajawahi kuchekwa. Kila alipojenga ntumba mpya aliufuata mfereji wa nje, akafukia nyasi zake vizuri. Kila mara mstari ulisogea nusu hatua.

Mzee Zenon ndiye aliyeanza kuhesabu kwa sauti. Miaka ishirini na minne, ntumba mpya kila baada ya miaka miwili, ni mara kumi na mbili. Mara kumi na mbili kwa nusu hatua.

“Sita,” alisema Leonidas polepole, bila furaha.

Neno lisilo kweli lilikuwa la kwanza, lile ambalo hakuna aliyelibishia. Shamba la Salome lilikuwa ndani ya la Mathias siku lilipomegwa. Halimo tena. Lilitoka kwa jembe, nusu hatua kwa nusu hatua, na aliyelitoa hakuona kwa sababu alikuwa akifanya kazi vizuri.

“Ni mimi,” alisema Salome mbele ya wote. “Sikuiba, lakini ni mimi.”

Kisha akamwambia Winifrida maneno ambayo karani huyo anayarudia kwa sauti ya chini: “Ungekaa kimya, Mama Jastin, mboga zangu zingekuwa zangu.”

Waliporudi kutoka kibondeni wanawake hao wawili hawakutembea pamoja. Nyumba zao zimetenganishwa na ua mmoja, lakini jioni ile Salome hakuja kuomba moto wala kuleta salamu. Winifrida alikaa na vitambaa vyake mapajani. “Nilijiuliza kama elimu hii nimeletewa ili ninyang’anye watu mboga,” anasema.

Aliyevunja ukimya hakuwa yeyote kati yao. Ijumaa asubuhi Leonidas alifika ofisini mapema, akiwa na fimbo yake na kikohozi.

“Kiangazi mimi silimi kule,” alisema. “Kiangazi mimi nakunywa togwa. Ukanda nitaulimia mahindi tu, mvua zikija. Huyu mama apande mboga zake kuanzia Juni mpaka Oktoba. Nilikuwa nagombea mpaka, sikugombea sukuma wiki.”

“Na mwakani ukibadilika?” aliuliza Salome, akiwa bado amenuna.

“Nimekuwa Leonidas miaka sabini na moja. Nitabadilika kuwa nani?”

Ikaonekana shauri limekwisha, lakini lilianza upya kwenye karatasi. Fomu ya hati ina nafasi za majirani wanne: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Kwenye fomu, mwenye shamba anaweza kupakana tu na watu. Hakuna mahali pa kuandika kwamba ardhi ni ya mmoja na matumizi yake, kwa miezi mitano, ni ya mwingine. Ofisa mmoja alimwambia Winifrida kwa upole kwamba hana kisanduku cha kuandikia mambo hayo.

“Namna nane ziko duniani,” anasema Winifrida, “fomu inajua moja.”

Hati mbili zilisainiwa saa tisa alasiri. Kwenye zote mbili mpaka umerudi ulikokuwa mwaka 1999, na mashamba yanapakana. Salome alipokea yake kwa mikono miwili, akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kibondeni na jembe, kwenye ukanda ambao sasa si wake, akaanza kuandaa matuta ya mboga.

Winifrida amenunua daftari jipya la kurasa mia moja. Katika ukurasa wa kwanza ameandika makubaliano ya wawili hao: ukanda upi, miezi gani, mbele ya mashahidi gani. Salome ameweka dole gumba. Leonidas ametia saini baada ya kulazimisha iongezwe sentensi kwamba Salome asiuze mboga kwa jirani yeyote kabla ya kumpelekea yeye fungu moja.

Kisheria ukurasa huo bado hauna nguvu. Mkutano mkuu wa kijiji utakaa Septemba, na Winifrida amekwisha kuomba ajenda: kijiji kikubali daftari la matumizi yanayoingiliana, likae masjala pamoja na nakala za hati. Anajua watakaompinga. Wengine wanaona litazaa kesi mpya. Wana wa Leonidas, wawili walioko Malangali, hawajasema kama watayafuata makubaliano hayo, na baba yao hakohoi kama kijana.

Kwa hiyo kila jioni anapita nyumba kwa nyumba na vitambaa vyake, akiwapangia watu vya kwao juu ya mkeka, ili wakifika mkutanoni wawe wamekwisha kuuona mfano. Nyumba aliyoanza nayo ni ya Salome, ambaye alimfungulia mlango na kumpa kigoda.

“Mwaka huu atapanda, hilo sina shaka,” anasema Winifrida, akikunja kitambaa chekundu. “Ninachotaka ni apande hata mwaka ule ambao Leonidas hatakuwepo.”