Mkono Begani

Nakumbuka siku ile ya upepo, upepo wetu wa Singida unaoingiza mchanga hata kwenye uji. Mwanangu, kabla hujayatupa masanduku yangu ya picha, weka chini hilo ulilobeba, ukae.

Enzi hizo Mwingereza bado anatutawala, nami ni fundi picha mjini. Kijana mmoja wa kijiji cha Mungaa, kerani mpya wa boma, alikuja na mama yake. Mama alivaa ngozi yake laini iliyopakwa mafuta, mwana suruali iliyopigwa pasi. Nikawapiga picha. Kesho yake kijana akarudi peke yake, hatulii, mara akae, mara asimame.

"Bwana Picha, mfute mama. Wenzangu ofisini watanicheka."

Siku hizo picha ilinaswa kwanza kwenye kioo, ndipo tukaitoa kwenye karatasi, na kioo ukishakikwangua ndiyo basi, haitoki tena. Nikakiinua dirishani. "Mama kakushika bega. Nikimfuta, mkono wake niupeleke wapi?"

"Futa vyote! Nibaki kichwa."

Nilikasirika, nisikufiche. Nilizunguka chumba kile hadi miguu ikauma, maana picha ilikuwa yake na mama hakuwa wangu. Mwishowe nikamtolea karatasi yenye kichwa chake tu, kioo nikakiweka kizima. Baadaye akahamishiwa Tabora.

Miaka ikapita. Ngozi zikaisha, zikaja kaniki, yakaja magauni. Kila aliyeingia kwangu alitaka aonekane wa leo. Nami nilihangaika na kile kioo, nikikihamisha rafu hii kwenda ile, nikiogopa kitavunjika. Halafu asubuhi moja kerani akasimama mlangoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hata shikamoo hakutoa.

"Bwana Picha, mama yupo?"

"Yupo." Nikakishusha kile kioo rafuni.

Akakaa pale pale sakafuni, akalia.

Mwanangu, ukitaka kwenda na wakati, nenda, hata mimi nilikwenda. Ila usimfute aliyekushika bega kwa kuogopa vicheko vya ofisini. Na masanduku haya usiyatupe. Kiinue kila kioo kwenye mwanga kwanza, maana humo bado wamo watu ambao hakuna aliyekuja kuwaulizia, na jambo hilo halinipi raha hadi leo. Mungu akutunze, akupe watoto watakaouliza kama upo, na wasikose mtu wa kuwajibu.