Jicho la Rashidi na Dhamana ya Hoteli

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya ulinzi hapa Maskati, Mkuu wa Usalama wa hoteli alinipeleka moja kwa moja baa. Ilikuwa asubuhi, viti bado vimepinduliwa juu ya meza. Akanambia, "Zuwena, kazi yako kubwa itakuwa hapa. Kule vyumbani watu wamelala, hawana neno." Mie na baibui langu, mtoto wa watu wa Unguja, nikawa najiuliza nitamwambia nini mama. Nilipomwambia, alininunia wiki nzima.

"Ulevini, Zuwena? Baba yako angekuwa hai ungethubutu?"

"Mama, mie simimini wala sibebi. Nawazuia wasiuane tu."

Hakucheka hata kidogo.

Mkuu yule alikuwa askari mstaafu, mkali lakini mwenye haki. Alinifundisha kuwa doria ni kuzunguka ukiangalia watu, si milango. Mwenye kutaka ugomvi huanza kwa mdomo: anamchokoza huyu, anamsogelea yule, anarudia neno lile lile. Hapo ndipo unapomkatia, yaani unamzuilia kinywaji, kisha unamwitia teksi, na heshima yake unampa mpaka mlangoni. "Sheria haikulaumu kwa kila ngumi," alikuwa akisema. "Ngumi ya ghafla ni ya mwenyewe. Lakini ukiiona inakuja ukanyamaza, na wewe umo."

Nilitumikia hoteli tatu hapa Maskati, mpaka nikawa Mkuu wa Usalama mwenyewe. Mameneja niliowapata, wengine walikuwa watu hasa. Wengine, Mungu awasamehe, walipenda mazulia yao kuliko wageni wao.

Yaliyonikuta hoteli ya tatu ndiyo nnayotaka kuwaeleza. Ilikuwa jioni ya mpira. Rashidi, fundi umeme wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi mtaa wa Al Khuwair, kaja kutazama mechi, mbele yake chupa ya soda. Meza ya pili alikuwapo tajiri mmoja, mteja wetu wa kila wiki, na keshalewa. Akamwanza Rashidi: mara amvute shati, mara amwambie atampasua. Mhudumu wa kaunta akenda kwa Msimamizi wa Baa kuomba ruhusa ya kumkatia, maana siku zile mteja mkubwa hakatiwi bila ya ruhusa. Msimamizi akasema, "Mwache, huyo ndiye anayetulipa mishahara." Wala hakuniita. Mechi haijamalizika, yule tajiri akampiga Rashidi glasi ya jicho.

Jicho halikupona. Fundi umeme wa jicho moja hapandishwi ngazi na mtu, kazi yake ikapotea. Kisha ikafanywa desturi yetu ya Kiomani: wazee wa yule tajiri wakenda hospitali na halwa na birika la kahawa, wakaomba radhi. Rashidi akatia saini tanazul, maana yake kaondoa mashtaka yake polisi.

Meneja Mkuu, Muomani kama mie, wazee wake walitokea Mwanza, alifurahi sana. Akaniita ofisini.

"Bi Zuwena, mambo yameisha. Wamepatana."

"Wamepatana wao," nikamwambia. "Sisi hatujapatana na mtu."

"Basi andika kwenye ripoti yako kwamba ilitokea ghafla."

"Haikutokea ghafla. Mhudumu alisema mapema."

"Nani anajua hilo?"

"Mie najua. Nimemuuliza mwenyewe."

Akanitazama. "Unakaribia kustaafu, dada. Usijiharibie."

Neno lile la ghafla sikuliandika, nikarudi nyumbani Mawaleh na hasira zangu. Na woga pia, sisemi uwongo. Lakini Rashidi alipoishitaki hoteli, niliitwa mahakamani nikaeleza kama ilivyokuwa: tulionywa, na bado tukammiminia mtu kinywaji kingine. Wakili wa hoteli akaishikilia ile tanazul, ati aliyesamehe kasamehe yote. Jaji akamkatalia. Akasema msamaha ule ni wa aliyepiga, haumwondolei mwenye hoteli wajibu wake, ikiwa alimwona mtu akitishia watu akaendelea kumhudumia. Hoteli ikaamriwa imfidie Rashidi.

Baadaye wahudumu wa kaunta walipewa ruhusa ya kumkatia mtu yeyote bila ya kuuliza. Mie nilistaafu punde tu, na kwenye chai ya kuniaga Meneja Mkuu hakutokea. Niliumia, lakini nililala vizuri.

Sasa vijana wa kazi hii huja nyumbani kuniuliza sheria inasemaje. Vifungu nishavisahau vingi. Nawaeleza ya siku ile ya hukumu, nilipomkuta Rashidi nje ya mahakama, kafunga kitambaa jichoni. Nilimuuliza kwa nini yule aliyempiga alimsamehe kwa kikombe cha kahawa, na sisi tusiomgusa akatushitaki.

"Yule alikuwa kalewa, mama," akanijibu. "Nyinyi mlikuwa na akili zenu."